Gogo la mvule, msumeno wa watu wawili na malipo ya kwa futi: uchambuzi wa kisa kimoja Busia

Kisa hiki kilitokea kaunti ya Busia, magharibi mwa Kenya, katika miaka ile ambayo katazo la kukata miti lilikuwa bado linaendelea. Majina, kijiji na alama zote zinazoweza kumtambulisha mtu nimeziondoa. Mimi ni mkufunzi wa useremala. Familia iliniita kutoa ushauri wa vipimo na ukaushaji, nikaishia kushuhudia sehemu kubwa ya kazi yenyewe. Ninawaandikia mafundi na wenye miti wanaodhani kwamba msumeno wa watu wawili ni suala la misuli. Hapa misuli ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Kilichopungua mwanzoni ni makali, na baadaye ni mpango wa malipo ambao ungemwacha fundi anoe bila kupoteza hela.

Usuli

Mvule ulianguka usiku, wakati wa mvua za masika, nyuma ya nyumba ya mjane mmoja. Ulikuwa mti wa zamani. Marehemu mumewe aliwahi kuutumia kama nguzo ya kufungia waya wa boma, na jambo hilo litarudi baadaye. Shina lilikuwa na kipenyo cha karibu inchi 34 kwenye kimo cha kifua. Uliangukia mteremkoni, kati ya makaburi ya familia na migomba, mizizi ikang'oka pamoja na udongo wake na kusimama wima juu ya kimo cha mtu mzima.

Familia iliufurahia msiba huo kwa namna yake. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, na hapakutangazwa kuondolewa kwa katazo hilo hadi Julai 2023, Rais Ruto alipolizungumzia akiwa Molo. Mti wa shambani mwa mtu haukuhusika. Lakini saipresi ya Elburgon na Molo, kaunti ya Nakuru, ilipoadimika, bei ya mbao ilipanda mpaka kwenye maduka ya vijijini, na mama huyu alikuwa na nyumba isiyo na milango. Chifu aliandikiwa barua, afisa wa misitu akaja kuona kwamba mti ulianguka wenyewe, na kwa kuwa mbao zilikuwa za kutumika pale pale bomani, suala la kibali cha kusafirisha halikuzuka.

Mwana wa mama alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao upande wa Elburgon kabla ya katazo, na sasa alikuwa akiishi kwa vibarua mjini Nakuru. Ushauri wake kwa simu ulikuwa mfupi: "Mama, tafuta mtu wa pawasoo. Siku mbili, kazi imeisha."

Mtu wa pawasoo, yaani msumeno wa injini wenye mnyororo, alipatikana. Masharti yake yalikuwa nusu kwa nusu: nusu ya mbao zake, nusu za mama. Alikata matawi vizuri tu, lakini alipoingia kwenye shina upande wa juu, mnyororo uligonga kitu kigumu, ukapiga cheche na kupoteza makali yote. Alibadilisha mnyororo, akajaribu hatua mbili kando, ukagonga tena. Jioni hiyo alitaka alipwe gharama ya minyororo kabla ya kuendelea, na mgao ubadilike. Mama alikataa, wakaachana kwa amani.

Hapo ndipo shemeji wa mama, mdogo wa marehemu, alipomkumbuka mzee mmoja wa kijiji cha pili aliyepasua mbao kwa mkono tangu ujana wake. Huyu nitamwita Mzee tu.

Misumeno miwili, kazi mbili

Mzee alishusha misumeno yake kutoka darini mwa jikoni, ilikokaa juu ya moshi ikiwa imefungwa kwa gunia lililolowekwa mafuta ya injini. Kutu ilikuwepo, lakini ya juu juu. Mafuta ya taa na jiwe la kunolea viliitoa.

Msumeno wa kwanza ni wa kukatia gogo kwa kupinga: bamba la futi 6, mpini kila upande, upande wa meno umebenuka kidogo. Wa pili ni wa kupasulia, yaani kufuata urefu wa gogo: futi 7, mpana juu na mwembamba kwenda chini, una mpini mrefu juu, na chini kishikio cha mbao kinachokazwa kwa kabari ndogo ili kiweze kutolewa msumeno unapotakiwa kuchomolewa.

Wengi huichanganya, na ndiyo maana wengi hukata tamaa mapema. Kwenye ule wa kukatia, meno yaliyonolewa kwa mshazari hukata nyuzi za mti pande zote mbili za njia, yaani ule mfereji ambao msumeno unauchimba. Kila baada ya meno machache kuna jino fupi lisilonolewa kwa mshazari, kazi yake ni kuzoa zile nyuzi zilizokwisha kukatwa na kuzitoa nje. Msumeno wa kupasulia hauna jino la kuzoa. Meno yake yote yameelekezwa chini na hukwangua mti kama safu ya patasi, na hukata unapovutwa kwenda chini tu.

Ule wa kukatia ulikuwa umeharibiwa. Mtu fulani aliyeuazima miaka iliyopita alikuwa ameupitisha tupa mpaka meno ya kukata na ya kuzoa yakawa kimo kimoja. Vijana wawili walipoujaribu kwenye tawi, ulitoa unga. Mzee aliuokota, akausugua kati ya vidole, akasema, "Huu haukati. Unasaga."

Alichofanya baada ya hapo ndiyo sehemu ambayo ningependa kila mwanafunzi wangu angeiona. Aliubana msumeno kati ya vipande viwili vya mbao, meno juu, akapitisha tupa bapa juu ya ncha zote, taratibu, mpaka kila jino la kukata likaonyesha doa dogo linalong'aa. Hapo akajua kimo ni kimoja. Kisha akashusha yale ya kuzoa peke yake. Kipimo chake kilikuwa karatasi za daftari la shule: aliweka karatasi juu ya jino la kuzoa na ukingo wa rula ya chuma juu ya meno mawili ya kukata yaliyo jirani. Karatasi mbili zikipita bila kubanwa, imetosha kwa mti mgumu au mkavu. Kwa mti laini na mbichi alikuwa akitumia tatu. Kwa milimita hizo ni kama 0.2 hadi 0.3. Jino la kuzoa likizidi kimo, ndilo linaloegemea mti na meno ya kukata hayafiki kazini; likipungua mno, nyuzi hukatwa zikabaki humo humo njiani.

Ndipo aliponoa ncha moja moja mpaka madoa yale yakapotea, na kuseti, yaani kukunja ncha kidogo nje, moja kushoto, inayofuata kulia, ili njia iwe pana kidogo kuliko bamba. Kwenye msumeno wa kupasulia aliikagua seti kwa sindano ya kushonea. Aliilaza kati ya safu mbili za ncha, akainua upande mmoja wa msumeno, sindano ikateleza mpaka mwisho. Iliporuka nje mahali pamoja, alilitafuta jino lililozidi pale na kulirudisha.

Unoaji ulichukua siku mbili. Shemeji, ambaye ndiye aliyekuwa akilipa vibarua kwa niaba ya mama, alianza kunung'unika siku ya kwanza saa nane mchana.

"Mzee, tumekuita ukate mti au usugue chuma?"

"Mama mwenye boma akiniambia niache, nitaacha," Mzee alijibu bila kuinua macho.

Mama hakusema kitu. Msumeno ulipowekwa tena kwenye tawi lile lile, ulitoa maranda marefu kama tambi.

Kukata gogo

Kazi ilihitaji watu wawili wa kuvuta na wawili wa kupokezana. Walipatikana vijana watatu, mmoja akiwa mwendesha bodaboda mwenye mabega mapana. Yeye ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko wote, na kwa siku nzima ya kwanza ndiye aliyewachosha wenzake.

Sababu ni kwamba alisukuma. Msumeno wa watu wawili huvutwa tu. Mwenzako anapovuta, mkono wako unasindikiza mpini bila kuweka uzito wowote. Ukisukuma, bamba linapinda ndani ya mti, na mwenzako anavuta bamba lililopinda, kwa hiyo linakwama kando za njia na yeye anadhani mti ndio mgumu. Kumwambia "usisukume" hakukusaidia. Mzee alimshikisha mpini kwa vidole viwili tu wakati wa kurudi, na kufumbata mkono mzima wakati wa kuvuta. Baada ya dakika chache mdundo ukabadilika. Ungeweza kuusikia ukiwa barabarani.

Kosa kubwa la siku hiyo lilitokea Mzee akiwa ameenda kuangalia msumeno mwingine. Gogo lilikuwa limeegemea mizizi upande mmoja na matawi mazito upande wa pili, katikati likiwa hewani. Gogo la namna hiyo hubanwa upande wa juu na kuvutwa upande wa chini. Ukilikata kutoka juu, njia hujifunga kadiri unavyoshuka. Vijana walivuka nusu ya unene bila kupiga kabari nyuma ya msumeno, na mti ukaubana kabisa. Yule wa bodaboda aliushika mpini kwa mikono yote miwili na kuweka mguu juu ya gogo.

"Wacha!" Mzee alirudi akikimbia, jambo ambalo kwa umri wake lilitosha kuwanyamazisha wote. "Ukivuta hivyo utaukunja, na bamba lililokunjika halirudi."

Waliondoa mpini mmoja. Wakachonga kabari mbili za mkaratusi mkavu, wakazipiga juu ya njia kwa kupokezana, moja moja, mpaka pengo likaonekana, ndipo msumeno ukatolewa kwa kuvutwa kando. Kisha kigogo kikasukumwa chini ya sehemu iliyokuwa hewani na kukazwa, na kazi ikaendelea kabari zikiwa zimekaa.

Mkato wa upande wa mizizi ulileta ubishi wa aina nyingine. Shemeji alitaka gogo likatwe karibu kabisa na mizizi. Kila futi ya mvule ni pesa. Mzee alitaka kuacha kisiki cha futi 4. Alieleza hivi: udongo uliong'oka na mizizi una uzito, na kinachouzuia usirudi kwenye shimo lake ni uzito wa shina. Ukilikata shina, mizizi iliyobaki ardhini inaweza kuuvuta nyuma kwa nguvu. Kisiki kirefu kinabaki kama uzito wa upande wa pili. Wakati wanabishana, watoto wawili wa boma walikuwa wamekaa ndani ya lile shimo, kwenye kivuli.

Mama aliwatoa watoto mwenyewe na kusema atapoteza hizo futi. Shimo likazungushiwa miiba. Mkato ulipokwisha, gogo lilishuka kwenye kigogo, na mizizi pamoja na kisiki ikarudi karibu nusu ya njia, ikasimama hapo ikitetemeka. Shemeji hakulizungumzia tena suala la futi 4.

Kupasua

Walipata magogo mawili, la futi 12 na la futi 8. Hawakuchimba shimo. Walitumia mteremko: gogo liliviringishwa kwa nguzo juu ya mihimili miwili, upande mmoja ukikaa juu ya kingo na mwingine juu ya jukwaa la nguzo nene, ili mtu aweze kusimama chini yake.

Mistari ilipigwa kwa timazi kwenye vichwa vyote viwili vya gogo, kisha kwa uzi uliochovywa kwenye makaa ya betri kuukuu yaliyokorogwa kwa maji, juu na chini ya gogo. Wa juu huinua msumeno na kuuelekeza. Macho yake hayatoki kwenye mstari. Wa chini ndiye anayevuta mkato, na unga wote humwangukia usoni. Mzee alisimama juu. Mbao nane za mwanzo zilitoka na unene wa inchi 1 na robo kutoka kichwa hadi kichwa, na nilizipima mwenyewe kwa kuwa sikuamini.

Jambo moja halikupangwa vizuri tangu mwanzo. Unga wa mvule huwasha ngozi, macho na njia ya hewa, na mafundi wanaoujua huuogopa. Kijana wa chini alipewa leso ya kujifunga usoni na kofia, basi. Siku ya tatu macho yake yalikuwa yamevimba na alikuwa akikohoa usiku. Alihamishwa kwenye kupanga mbao na mwenzake akashuka chini, akiwa na leso iliyoloweshwa maji na miwani ya kuendeshea pikipiki iliyoazimwa kutoka kwa yule wa bodaboda. Ilisaidia kidogo.

Malipo yabadilishwa

Mpaka hapo watu walilipwa kwa siku, pamoja na chakula cha mchana. Mwana wa Nakuru alikuwa akipiga simu kila jioni kuuliza mbao ni ngapi, na kila jioni jibu lilikuwa dogo. Shemeji alipiga hesabu, akaona kwamba anawalipa watu wakinoa, wakinywa chai na wakipiga kabari. Akamshauri mama wahamie malipo ya kwa futi, yaani kwa kila futi ya ubao uliopasuliwa, kama viwandani. Mama alikubali, na si vigumu kuelewa: fedha zilikuwa zinaisha na hakuna aliyejua kazi ingechukua muda gani.

Siku iliyofuata mbao ziliongezeka. Iliyofuata pia. Vijana walikuja alfajiri. Mzee, ambaye alikuwa analipwa kwa futi kama wengine, alipunguza kunoa kutoka mara mbili kwa siku hadi mara moja, kisha tupa ikabaki mfukoni. Msumeno butu huhitaji kulazimishwa, na unaolazimishwa huacha mstari. Wa chini alianza kuuvuta kwa mshazari kuelekea kwake ili ushuke haraka; juu mstari ulionekana sawa, chini ulikuwa umehama. Mbao za siku hizo mbili zilikuwa na robo tatu ya inchi kichwa kimoja na inchi moja na nusu kichwa cha pili.

Halafu wakafika kwenye jiwe. Mvule hutengeneza ndani yake mabonge ya chokaa ngumu, mara nyingi kuzunguka jeraha la zamani, na mti unaolizunguka bonge huwa mweusi zaidi. Kumbe kile kilichomaliza minyororo ya pawasoo kilikuwa mawili kwa pamoja: waya wa boma ule wa marehemu, na jiwe lililoota kuzunguka kidonda chake. Doa jeusi lilionekana wazi kwenye kichwa cha gogo. Katika siku za malipo ya kwa siku, Mzee angelichokoa kwa patasi kabla ya kupita hapo. Siku hiyo walipita. Meno manne yalivunjika kwa mvuto mmoja.

Mama aliwaita wote chini ya mwembe. Alisikiliza kila upande, kisha akaamua mambo matatu, ambayo baadaye nilimwomba anieleze sababu zake. Kunoa kulipwe kwa siku, kando na kupasua. Kupasua kulipwe kwa futi, lakini ubao uhesabiwe tu ukipita kwenye kijiti chenye pengo la inchi 1 na robo katika sehemu tatu: kila kichwa na katikati. Na kijiti kikae kwa Mzee, si kwa shemeji. Nilipomuuliza kwa nini kikae kwa Mzee, alisema, "Shemeji angekitumia kupunguza malipo. Mzee ataona aibu kukidanganya."

Matokeo

Gogo la kwanza lilitoa mbao 16. Tano kati yake zilikuwa na unene usiolingana. Mbili zilipunguzwa kwa randa na kuwa rafu za jikoni, tatu zikawa za kuezekea banda la kuku pamoja na mabanzi. Gogo la pili, lililopasuliwa kwa mpango mpya, halikutoa ubao hata mmoja wa kutupwa, na halikuchukua muda mrefu kuliko lile la kwanza kwa uwiano wa urefu wake.

Mbao zilipangwa kwenye kivuli, juu ya matofali, vijiti vya unene mmoja vikiwa kati ya kila safu na kusimama wima juu ya vijiti vya chini yake. Vichwa vilipakwa rangi iliyobaki ya nyumba ili maji yasitoke haraka na kupasua mbao. Milango ilitengenezwa mwaka uliofuata.

Uchambuzi

Je, mwana wa Nakuru alikosea? Kwa saipresi au mkaratusi ulionyooka, karibu na barabara, nisingebishana naye. Ningeita pawasoo mwenyewe. Lakini hesabu yake ilitoka kiwandani, ambako gogo huja limenyooka, halina waya na msumeno umefungwa kwenye reli. Njia ya mnyororo wa pawasoo ni takriban milimita 8 hadi 10, na mkono ukiyumba inaongezeka. Njia ya msumeno wa kupasulia ulionolewa vizuri ni takriban 4. Kwa mikato 10, tofauti inafika milimita 40 hadi 60 za mvule, yaani karibu mbao mbili za inchi moja zilizogeuka unga. Ongeza nusu ya mbao ambayo mtu wa pawasoo alitaka. Kwa mti wa bei hiyo na familia isiyo na haraka ya siku mbili, mkono ulikuwa uamuzi sahihi, ingawa walioufanya waliufanya kwa kukosa njia nyingine.

Kilichofaulu zaidi ni zile siku mbili za tupa, na ndizo zilizopingwa zaidi. Si jambo la Busia peke yake. Marekani, sheria ya mwaka 1964 inayolinda maeneo ya pori huzuia kwa kiasi kikubwa mashine za injini humo, kwa hiyo hadi leo wafanyakazi wa misitu wa huko hukata magogo njiani kwa msumeno wa watu wawili, na hao nao hushughulika na tofauti ile ile ya kimo kati ya jino la kukata na la kuzoa. Karatasi za daftari za Mzee zinatoa kipimo kinachokaribiana na chao. Mtu anayeazima msumeno na kuurudisha "umenolewa" bila kujua jambo hili ameurudisha umeharibiwa.

Malipo ya kwa futi yaligusa pale ambapo msumeno huu ni dhaifu. Kwenye kiwanda, mwendesha mashine akiharakisha, unene haubadiliki, kwa sababu reli ndiyo inayoushika. Hapa unene unashikwa na uvumilivu wa watu wawili. Malipo yanayohesabu urefu tu yanawanunulia urefu. Naona mama alilielewa hili haraka kuliko sisi mafundi, na kijiti chake kilifanya kazi ambayo maneno ya Mzee hayakufanya. Ningebadilisha kitu kimoja tu: pengo la kijiti lingekuwa na nafasi ndogo ya kuzidi au kupungua, tuseme unene wa sarafu, kwa kuwa hakuna haja ya kugombana kwa tofauti ndogo hivyo.

Suala la waya lingeweza kujulikana siku ya kwanza. Mti ulio karibu na boma uulizwe historia yake kabla ya kuguswa: nani aliutundikia nini, nani aliufungia ng'ombe, wapi palipigwa misumari. Mama alijua kuhusu ule waya. Hakuna aliyemuuliza, wala mtu wa pawasoo, wala Mzee.

Kuhusu kijana wa chini sijaridhika. Alilipwa sawa na wa juu, na wenzake wote waliona hiyo ni haki. Lakini mpaka alipohamishwa, yeye ndiye aliyevuta mkato wote na kupokea unga wote, na kikohozi chake kiliendelea wiki kadhaa baada ya kazi. Kwa mvule, kupokezana nafasi ya chini kila saa kungepaswa kuwa sharti la kwanza kabla hata ya kuzungumzia bei, pamoja na barakoa halisi na miwani iliyofunga kando. Leso hushika unga mkubwa na kupitisha ule mwembamba, ambao ndio unaoumiza.

Meno manne yaliyovunjika bado hayajachongwa upya. Kuyarudisha kwa mara moja kungemlazimu Mzee kushusha safu nzima hadi kwenye kimo cha visiki vyake, na bamba lingepoteza miaka ya matumizi. Ameamua kufanya kazi na pengo hilo na kushusha meno mengine kidogo kidogo kila anaponoa, mpaka yakutane. Yule wa bodaboda amenunua tupa yake mwenyewe, bapa, na siku ambazo pikipiki haina wateja huenda kwa Mzee kushika upande wa pili wa bamba.